Hela ya Tabora si chuma chakavu

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta humu habari za pamba, sangara, dengu na choroko. Wiki hii tunaomba radhi kwa kuwachukua pembeni kidogo, kwenye bidhaa ambayo haina chama cha ushirika, haina bei elekezi, wala haipimwi pale Mwaloni Kirumba, lakini inapita mikononi mwa watu wa Kanda ya Ziwa kila mara bila wao kujua wameshika nini. Tunazungumzia sarafu za vita, hasa zile zilizopigwa Tabora mwaka 1916, ambazo wazee wetu waliziita hela na ambazo jina lake bado tunalitumia kila siku tunapolipa nauli.

Sababu ya kuandika ni moja. Sarafu hizi Mwanza zinauzwa kwa namna mbili, na zote mbili ni hasara kwa muuzaji. Namna ya kwanza ni kwa kilo, zikiwa zimechanganywa na bomba za maji, koki na vipande vya rejeta katika gunia la brasi. Namna ya pili ni kwa uvumi, ambapo mtu mwenye sarafu moja iliyosuguliwa mpaka ikang'aa anaambiwa na dalali kwamba kuna mzungu yuko Nairobi anatafuta "rupia ya Mjerumani" kwa mamilioni, alimradi kwanza itolewe fedha kidogo ya kuipima. Wa kwanza anapunjwa na wa pili anatapeliwa. Katikati ya hao wawili ipo biashara halali, ndogo na ya polepole, ambayo kwa maoni yetu mfanyabiashara mwenye subira wa Mwanza, Bukoba au Musoma anaweza kuifanya vizuri kuliko mtu wa Berlin, kwa sababu mali yenyewe iko huku.

Tuanze na asili yake, kwa kuwa thamani yote ya sarafu hizi inatokana na jinsi zilivyotengenezwa.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, fedha ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki ilikuwa rupia. Mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64, na pesa hizo za shaba za miaka ya 1890 hadi 1892 zilikuwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Kuanzia mwaka 1904 rupia ikagawanywa kwa heller 100, na rupia 15 zikawa sawa na mark 20 za Ujerumani. Ndiyo maana Kiswahili kina maneno matatu yaliyotoka mfukoni mwa zamani hizo: rupia, pesa na hela. Sarafu zote hizo zilipigwa Ujerumani, Berlin na Hamburg, na kuletwa kwa meli.

Vita vilipoanza mwaka 1914, na Waingereza walipofunga pwani kwa manowari zao mwaka 1915, meli hazikuja tena. Koloni likabaki na askari wa kulipwa, wapagazi wa kulipwa na wakulima wa kununuliwa chakula, lakini bila fedha mpya. Watu nao walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili ya biashara angefanya: rupia za fedha nyeupe zikafukiwa chini au kufichwa darini. Serikali ikajibu kwa kuchapa noti za muda kupitia Deutsch-Ostafrikanische Bank, kuanzia mwaka 1915, kwenye karatasi za aina mbalimbali zilizopatikana, na nyingi zikitiwa saini kwa mkono. Noti bila chenji haiendi sokoni, na mama muuza mtama hawezi kupewa noti ya rupia tano kwa kibaba kimoja. Hapo ndipo ikaja fikra ya kupiga sarafu hapahapa nchini.

Kazi ilifanyika Tabora, kwenye karakana ya reli. Msimamizi alikuwa Dr. Friedrich Schumacher, mtaalamu wa madini wa mgodi wa dhahabu wa Sekenke, kule Iramba. Malighafi ya sarafu za chini ilikuwa kila aina ya brasi na kopa iliyoweza kukusanywa, yakiwemo maganda ya risasi. Mashine zilikuwa za kutengenezea vipuri vya garimoshi, hazikuundwa kwa ajili ya fedha. Msomaji aliyewahi kuona fundi wa gereji akitengeneza bolti ambayo dukani haipo atajua matokeo yake: kitu kinafanya kazi, lakini hakuna viwili vinavyolingana sawasawa.

Zilipigwa sarafu za aina tatu tu. Ya kwanza ni heller 5 ya brasi. Ya pili ni heller 20, nyingi zikiwa za brasi na nyingine za kopa. Ya tatu ni rupia 15 ya dhahabu. Zote zina mwaka 1916 na herufi T, yaani Tabora. Zile za chini zina taji na herufi D.O.A., kifupi cha jina la koloni kwa Kijerumani. Ya dhahabu ina tai upande mmoja na tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima upande wa pili.

Kazi haikudumu. Mwanza ilitekwa na Waingereza Julai 1916, na Wajerumani waliokuwa hapa wakarudi nyuma kuelekea kusini. Tabora yenyewe ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo tunazungumzia kiwanda cha fedha kilichoishi miezi michache tu, kikiwa na adui pande tatu. Hata hivyo heller 20 za brasi zilizopigwa zinakadiriwa kufikia milioni 1.6 hivi, na za kopa kama laki 3. Za heller 5 ni zaidi ya laki 3. Hesabu hizi ni muhimu kwa mwekezaji na tunaomba azikumbuke, kwa sababu zinaua uvumi papo hapo. Kitu kilichotengenezwa zaidi ya milioni moja na nusu hakiwezi kuwa adimu kwa sababu tu ni cha zamani.

Ndiyo sababu heller 20 ya kawaida iliyochakaa huuzwa huko Ulaya na Marekani kwa dola chache tu, na iliyo nzuri kwa makumi ya dola. Bei hiyo haitoshi kununua ng'ombe, lakini linganisha na gunia la brasi. Uzito wa sarafu hizi hautabiriki, maana bati lake halikukatwa kwa unene mmoja, ila kwa makadirio yetu kilo moja hubeba kati ya 80 na 100. Mwenye kuziuza kwa kilo anauza bidhaa 80 kwa bei ambayo pengine moja au mbili kati yake zingetosha kuileta. Mhitimu yeyote wa biashara atakwambia kwamba hapo hakuna haja ya kuchora jedwali la faida na hasara.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, yaani madaraja.

Watu wa Mwanza hawahitaji kufundishwa maana ya daraja. Mkulima wa pamba anajua tofauti ya pamba safi na pamba fifi kabla hajafika kwenye mizani. Na mfano ulio karibu zaidi ni mabondo ya sangara. Wapo watu wazima katika mji huu wanaokumbuka enzi ambapo bondo lilitupwa pamoja na matumbo ya samaki. Wanunuzi wa Mashariki ya Mbali walipokuja, ikagundulika kuwa bondo linapangwa kwa ukubwa, unene na ukavu, na kwamba bondo moja kubwa linaweza kuzidi bei ya minofu ya samaki aliyelibeba. Waliotajirika mapema hawakuwa wavuvi wenye nyavu nyingi. Walikuwa wale waliojifunza kupanga.

Sarafu za Tabora nazo zinapangwa, na upangaji wake unatokana na mihuri ya kuchapia. Ili kupiga sarafu, kipande cha bati la brasi huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, wa mbele na wa nyuma, kisha hukandamizwa. Muhuri ukipasuka au kuchakaa huchongwa mwingine. Berlin mihuri yote hutolewa kwenye mfano mmoja, kwa hiyo haipishani. Tabora kila muhuri ulichongwa kivyake, na mkono wa mchongaji haukurudia kitu kilekile.

Chukua heller 20. Upande wa mbele kuna taji, na wakusanyaji wametambua mihuri miwili: wenye taji kubwa na wenye taji dogo. Upande wa nyuma kuna neno HELLER, na hapo ipo mihuri mitatu, ambayo hutofautishwa kwa kutazama ncha za herufi L mbili. Kuna ambao ncha zote mbili ni kali, kuna ambao L ya pili tu ndiyo imejikunja ncha, na kuna ambao zote zimejikunja. Ukichanganya mbele na nyuma, kisha ukaongeza brasi na kopa, unapata orodha ya michanganyiko ambayo baadhi yake hupatikana kirahisi na baadhi mkusanyaji hutafuta kwa miaka. Orodha ya Krause na Mishler ya sarafu za dunia, pamoja na kitabu cha Kijerumani cha Kurt Jaeger, huzitenganisha, na bei nazo hutengana.

Msomaji atauliza: mtu atalipa zaidi kwa ajili ya mkunjo wa herufi L? Analipa. Kama ambavyo mnunuzi wa mabondo analipa zaidi kwa milimita kadhaa za unene. Soko halituulizi sisi kama sababu zake zinatupendeza.

Heller 5 nayo ina namna mbili za taji: lenye kitako cha mviringo na lenye kitako bapa, na unene wa sarafu hupishana pia. Hapa muuzaji asiyejua huchanganya zote kwenye kopo moja na mnunuzi anayejua huchagua kwa utulivu, akiongea habari za mvua. Wenye maduka tunawaomba wajifunze kutazama chini ya taji kabla ya kutaja bei.

Kuhusu kopa na brasi, tahadhari. Baada ya zaidi ya miaka 100, brasi iliyokaa ardhini au mfukoni hugeuka kahawia, na wengi huidhania kuwa kopa. Tazama ukingo na sehemu zilizoinuka, penye mwanga wa jua na si chini ya taa ya duka: brasi bado itatoa unjano mahali fulani. Usikwaruze kwa msumari ili kuhakikisha. Mkwaruzo huo utakuwa umejibu swali na kuondoa bei kwa pamoja.

Na hapa tuseme wazi jambo ambalo linatuudhi. Kusugua sarafu kwa ndimu, majivu, mchanga au dawa ya kung'arishia vikombe ni kuiharibu. Mwanza tunapenda kitu king'ae, na muuzaji husugua kwa nia njema kabisa ili mteja avutiwe. Lakini mkusanyaji hununua ngozi ya sarafu, ule utando wa rangi uliojijenga kwa miongo mingi, na ukishautoa haurudi. Sarafu iliyosuguliwa hushuka kutoka daraja la kwanza hadi la mwisho kwa dakika tano za kazi. Kama ina udongo, iloweke katika maji safi ya vuguvugu, iache ikauke yenyewe, basi.

Tuje kwenye dhahabu, ambako ndiko hasara kubwa inakotokea.

Rupia 15 ya Tabora ilipigwa kwa dhahabu ya Sekenke. Zilitoka sarafu 16,198 tu. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168 na dhahabu yake ni ya asilimia 75, kwa hiyo dhahabu halisi iliyomo ni gramu 5.376. Mwenye kupenda hesabu atambue kitu kimoja kizuri hapa. Mark 20 za Ujerumani, ambazo kisheria zililingana na rupia 15, zilikuwa na dhahabu halisi gramu 7.168. Yaani wakubwa wa Tabora walichukua uzito uleule, wakaweka robo ya madini mengine, na kutoa sarafu kwa thamani ileile. Aliyelipwa kwa sarafu hiyo mwaka 1916 alipokea robo tatu ya dhahabu aliyoahidiwa. Serikali iliyobanwa na vita hufanya hivyo, na si ya Wajerumani peke yao.

Leo kichekesho kimegeuka. Sonara au mnunuzi wa dhahabu anayeipima sarafu hii atalipa kwa gramu hizo tano na kidogo, tena atakata kwa sababu usafi wake ni asilimia 75. Wakati huohuo, kwenye minada ya sarafu Ulaya na Marekani, tembo wa Tabora aliye katika hali nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola, kwa sababu mnunuzi wa huko hanunui gramu, ananunua historia iliyopigwa katika karakana ya reli katikati ya vita. Mwanza ina soko la madini, na tangu mwaka 2021 ina kiwanda cha kusafishia dhahabu. Ni mambo mema kwa wachimbaji wetu. Lakini ni rahisi mno kwa mjukuu aliyerithi kisanduku cha babu kukipeleka moja kwa moja kwenye moto. Sarafu ikishayeyuka, hakuna mnada utakaoirudisha.

Hii nayo ina aina mbili. Kwenye upande wa tai, nakshi iliyo pembeni upande wa kulia hukomea chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA katika aina moja, na chini ya A ya kwanza katika aina nyingine. Za kwanza zilipigwa 9,803 na za pili 6,395. Mwenye kioo cha kukuzia cha fundi saa anaweza kulitambua hilo kwa nusu dakika.

Kwa kuwa bei ni kubwa, bandia zipo. Kuna nakala zilizopakwa dhahabu juu, zilizotengenezwa kwa ajili ya watalii au kwa ajili ya kutapeli, na kwa picha zinafanana sana na zile halali. Hapa ndipo Mwanza ina bahati ambayo miji mingi haina: mizani ya kupimia dhahabu iko kila kona, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na wenye mizani hiyo wanajua kupima usafi bila kukata. Sarafu ikiwa na gramu 5 au 9, usiendelee na mazungumzo. Ikivutwa na sumaku, vivyo hivyo. Ikiwa na mstari wa kuungia ukingoni kama sufuria ya kumimina, aliyeitengeneza hakuwa Tabora.

Tumetaja utapeli na hatuwezi kuupita haraka, kwani umewagharimu watu wa Kanda hii fedha halisi. Hadithi zake hufanana. Kuna ramani ya hazina ya Wajerumani, kuna jiwe lenye alama, kuna mzee anayejua mahali lakini anahitaji mafuta ya gari. Au kuna sarafu ya rupia yenye "nguvu", inayovuta mchele au kuzima taa, ambayo mnunuzi wake atalipa milioni kadhaa mara tu ikishapimwa kwa kifaa ambacho kukikodi ni fedha taslimu. Sarafu ya rupia ya Mjerumani ni fedha nyeupe ya gramu 11.66, safi kwa kiasi cha asilimia 91.7, yenye picha ya Kaiser Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai. Haivuti mchele. Thamani yake inajulikana, imeandikwa katika vitabu, na mnunuzi wa kweli hadai ada ya kupima kabla ya kununua. Yeyote anayetaka fedha kutoka kwa muuzaji siyo mnunuzi.

Kuna wenzetu watakaosema kwamba mambo haya ni anasa ya wazungu, na kwamba mfanyabiashara mdogo hana muda wa kuhesabu mikunjo ya herufi. Hoja ina uzito na tunaikubali nusu. Sarafu hazizai riba, hazitoi gawio, na siku ukiumwa huwezi kuzipeleka hospitali. Soko lake ni jembamba. Unaweza kukaa na kitu kizuri miezi sita bila mnunuzi. Kwa hiyo mtaji wa dagaa usiguswe, ada ya shule isiguswe, na mkopo usichukuliwe kabisa. Fedha ya kununulia sarafu ni ile ambayo mtu angeimaliza kwa vinywaji mwisho wa mwezi.

Nusu tusiyoikubali ni hii ya kusema ni mambo ya wazungu. Walioshika sarafu hizi kwanza walikuwa askari na wapagazi wetu, Wasukuma na Wanyamwezi miongoni mwao, na walioilipia ile vita kwa jasho na kwa maisha ni wao. Kama thamani yake inapangwa leo na watu wa mbali, ni kwa sababu wao walichukua shida ya kuorodhesha na sisi hatukuchukua. Bei hufuata mwenye orodha. Ndivyo ilivyokuwa kwa pamba pia, na wazee wa Victoria Federation of Co-operative Unions, waliojikusanya miaka ya 1950 ili mkulima asipunjwe kwenye mizani, waliielewa hoja hii vizuri kuliko wengi wetu.

Kwa anayetaka kuanza, tunashauri asianze na tembo wa dhahabu. Aanze na kitu cha bei nafuu kitakachomfundisha macho. Shilingi za Afrika Mashariki za wakati wa Vita Kuu ya Pili zinafaa sana. Zina simba mbele ya milima, zina robo tu ya fedha nyeupe, na bado zimo katika makopo ya vifungo majumbani. Kwa kuwa Uingereza ilikuwa vitani, zilipigwa sehemu mbalimbali na kila sehemu ikaweka herufi yake: H kwa Birmingham, I kwa Bombay, SA kwa Pretoria. Mwaka 1942 pekee zipo za H na za I. Mwaka 1944 zipo za H na za SA. Mtu akizipanga hizo kwa mwezi mmoja, na kuandika katika daftari alinunua wapi, lini na kwa kiasi gani, ataiona L iliyojikunja bila miwani.

Daftari hilo si urembo. Sarafu yenye maelezo, kwamba ilitoka katika nyumba fulani Magu au Ukerewe na ilirithiwa kwa mpangilio fulani, humpa mnunuzi imani, na imani hulipiwa. Pia humlinda mwenyewe siku akiulizwa alikoitoa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na sarafu ya 1916 haijafikia umri huo, lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kuchimba penye boma la zamani au makaburi. Anayetaka kusafirisha nje ya nchi ni vema aulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale; barua moja ni nafuu kuliko mzigo kuzuiliwa uwanja wa ndege. Na anayeyeyusha sarafu ya dhahabu ajue ameingia katika biashara ya madini, yenye leseni zake.

Noti za muda tumezigusa tu, na zinastahili ukurasa wake siku nyingine. Kwa leo itoshe kusema kwamba kuna noti za mwaka 1917, zilizochapwa wakati jeshi la Lettow-Vorbeck likikimbia kusini, ambazo herufi zake ziligongwa kwa mihuri ya mpira ya kuchezea watoto, na tai wake mara nyingine amegongwa miguu juu kichwa chini. Karatasi ya aina hiyo ikionekana ndani ya Kurani au Biblia ya zamani, isikunjwe, isigundishwe kwa selotepu, na isipigwe pasi.

Lililobaki ni la wenye biashara ya vyuma chakavu wa Igoma na Nyakato. Hatuwaombi waache kununua kwa kilo. Tunawashauri waweke kopo moja kando ya mizani, na kijana anayepakua gunia atoe kila kipande cha duara chenye taji na mwaka 1916 akitie humo. Mwisho wa mwezi wamwite mtu mwenye kioo na orodha, wazipange mezani mbele ya wote, na aliyeleta gunia apate sehemu yake juu ya bei ya brasi. Kwa kipimo cha kilo 80 hadi 100 za brasi kwa siku, ni kazi ya dakika chache. Na mwenye tembo wa dhahabu ndani ya kitambaa, asimpelekee sonara kabla hajajua nakshi yake inakomea chini ya T au chini ya A.